Mzee Tenki Bahili Anatakiwa Kulipa

Zamani mtu asiyedaiwa alilala usingizi mzuri. Siku hizi hata usipokopa, deni litakutafuta mpaka likupate. Mimi limenipata kabla ya chai, kwa ujumbe wa simu: "Ndugu MZEE TENKI BAHILI, mwambie mteja wetu alipe kabla ya saa sita, la sivyo hatua kali zitachukuliwa dhidi yenu."

Dhidi yenu! Yaani mimi na nani?

Mteja mwenyewe ni fundi bomba aliyenifungia tenki. Jina la Mzee Tenki Bahili halimo kwenye kitambulisho changu cha NIDA. Limo kwenye simu ya fundi. Ndivyo alivyonisevu, kisa nilimwomba apunguze bei ya koki. Kumbe alipokopa kwenye programu ya simu, moja ya zile kausha damu, ilimwomba ruhusa ya kuona majina yote aliyohifadhi. Mtu mwenye mgonjwa ndani hasomi masharti, anabonyeza "ruhusu". Wakabeba kila kitu: mchungaji, muuza mkaa, mama ntilie, wakwe zake, na mimi na ubahili wangu.

Ukikopa benki watashika hati ya nyumba. Hawa wanashika aibu yako. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa, lakini harusi yenyewe sikualikwa, matanga nimekalishwa mkeka wa mbele!

Nilipokaa kimya, kijana wao akapiga.

"Mzee, wewe si ndugu yake?"

"Mimi nina tenki, kijana wangu. Undugu sina."

"Basi mlipie kwa utu tu, mzee. Maana polisi wako njiani."

Hapo akanigusa pabaya, kwa sababu mke wangu alikuwa anasikiliza na keshaanza kutafuta kanga. Nikamwambia yule kijana kwamba deni ni shauri la madai, linapelekwa mahakamani, halipelekwi kwa difenda. Na hata mahakama ikiamuru mdaiwa akae gerezani kama mfungwa wa madai, anayetakiwa kuweka fedha za kumtunza huko ndani ni huyohuyo anayemdai. "Sasa kijana wangu," nikamuuliza, "kampuni imeshatenga bajeti ya ugali?" Simu ikakatika. Mtandao wetu nao una huruma zake.

Nongwa yangu ni kwamba sheria tunazo, ila tunazifungia kabatini kama sahani za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Namba yangu ni taarifa yangu. Fundi hana mamlaka ya kuniwekea rehani, na aliyeichukua kwa ajili ya kunitisha anashtakiwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Benki Kuu nayo, Novemba 2024, ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Jirani zetu Kenya waliweka kanuni mwaka 2022: mkopeshaji wa kidijitali haruhusiwi kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Google wenyewe, tangu 2023, wamezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lao kuchungulia majina hayo. Zinazoletwa kwa kiungo cha WhatsApp, hizo muulize aliyekutumia.

Kwa hiyo usijibu matusi kwa matusi, ingawa ninayo mazuri. Tunza kila ujumbe, piga picha ya skrini, andika namba na saa. Wajibu kwa maandishi: sikudhamini, sikutoa ridhaa, futeni namba yangu, na nitajieni jina la kampuni na namba ya leseni. Wakiwa na leseni, malalamiko yaanze kwao, na wasipokusikiliza uyapeleke Benki Kuu. Wakitishia kukudhuru, kituo cha polisi kipo, na safari hii wewe ndiye utakayekwenda kwa hiari yako.

Na fundi asidhani nimemfutia deni. Dawa ya deni ni kulipa, naye atalipa. Ila amlipe aliyemkopesha bila kupitia masikio ya mama mkwe wake.

Nami nikafanya kama ninavyohubiri. Niliwaandikia kwa adabu, nikadai leseni, nikaitaja Sheria na mwaka wake. Siku nzima kimya. Mke wangu akaanza kunisifu kwamba kumbe kusoma magazeti kuna faida. Jioni simu ikalia, namba ileile:

"Hongera! Kwa mawasiliano yako mazuri nasi, umekidhi vigezo vya mkopo wa haraka. Bonyeza hapa."