Kuwinda Kwasari: Tano Bora, Kuanzia Mkiani

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa kupindukia linabugia gesi, na gesi hiyo huwaka kabla ya kumezwa. Vurugu zote hizo, lakini kwenye darubini unaona kinukta tu!

5. Mwenye sikio. Mwaka 1993, antena 27 za VLA huko New Mexico, Marekani, zilianza kuipima anga kwa mawimbi ya redio ya sentimita 20, katika mradi wa FIRST. Ziulize kitu kiko wapi, zitakuonyesha barabara. Ziulize kiko mbali kiasi gani, kimya.

4. Mwenye jicho. Darubini ya SDSS ya mita 2.5, hukohuko New Mexico, ilipiga picha kwa vichujio vitano vya rangi. Inaona kila kitu. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

3. Matapeli. Mwanga wa kwasari ya kale hurefuka njiani kadiri ulimwengu unavyotanuka: uliotoka ukiwa na wimbi la nanomita 121.6 unafika ukiwa na 850 hivi. Mfupi zaidi ya huo humezwa na haidrojeni. Basi kinukta kinaonekana kwenye vichujio vya wekundu wa mwisho tu, kwingine hola. Sasa kuna nyota vibete, baridi, za humuhumu kwenye galaksi yetu, zenye rangi hiyohiyo, tena tele. Unaomba darubini kubwa, unakesha, kumbe umemkodolea macho jirani! Dawa yake ni orodha ya redio ya FIRST, maana vibete hao kwa kawaida hawana sauti ya kufika huko. Kinukta chekundu kikikaa palepale penye redio, usikiachie. Mwaka 2006 mbinu hiyo ilinasa kwasari J1427+3312, ambayo mwanga wake uliondoka ulimwengu haujatimiza miaka bilioni moja.

2. Mabubu. Kwasari zenye kelele za redio ni kama moja kwa kumi. Zilizobaki zinapita, na sikio halina habari.

1. Bingwa wa kudumu, kwasari 3C 273. Mwaka 1962 Mwezi ulipita mbele yake, na darubini ya redio ya Parkes, Australia, ikavizia sekunde ilipozimika ili kupata mahali pake hasa. Kwasari hiyo ilikuwa chini mno, karibu na upeo wa macho. Wanasimulia kwamba miti ilikatwa ili dishi liinamishwe. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Maarten Schmidt, kwa darubini ya Palomar, akazitambua alama za haidrojeni kwenye mwanga wake zikiwa zimesogea kwa asilimia 16. Na bingwa huyo ni wa karibu: miaka ya nuru bilioni 2 na ushee.