Hasira za Mteja Asiyewahi Kulipa

Wachumi wamezoea kumpima mteja kwa fedha anazotoa, lakini kipimo hicho hakimfai mteja wa huduma ya bure, kwa kuwa yeye hutoa malalamiko mengi kuliko yule anayelipa, na huyatoa kwa ukali zaidi siku anapoambiwa kwamba sasa atalipa kama wenzake. Tabia hiyo ilijitokeza waziwazi mwaka 2022, na katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet ilipata sura zake za pekee.

Huduma inayohusika ni uhifadhi wa barua pepe, yaani kazi ya kampuni kutunza barua za shirika kwenye seva, ambazo ni kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana, huku shirika hilo likitumia kikoa chake lenyewe, yaani jina linalokaa baada ya alama ya @. Nchini Kenya vikoa vinavyoishia na .ke husimamiwa na taasisi ya KeNIC, na hata duka la mbolea pale Sotik laweza kujipatia cha kwake na kukiandika juu ya mlango. Google ilianza kutoa huduma hiyo bila malipo mwaka 2006. Desemba 2012 ikawafungia mlango wageni wapya lakini ikawaacha waliokwisha kuingia. Na Januari 2022 ikatangaza kwamba hao nao walipe. Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mwenyeji alingoja zaidi ya miaka 15 ndipo akalitoa jembe, naye mgeni akashangaa kusikia kwamba nyumba haikuwa yake.

Bei ya chini ilikuwa dola 6 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikaribia shilingi 700. Katika vilima ambako mkulima mdogo hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, akapimiwa na karani, akapokea malipo ya awali kila mwezi na kuingoja bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa, hakuna bei isiyogeuzwa kuwa kilo. Ikichukuliwa kwamba kilo moja ina malipo ya awali ya shilingi 20, anwani moja ilidai kilo 35 za majani mawili na chipukizi kila mwezi. Na shirika lenye anwani 10, zikiwamo tatu za maofisa waliokwisha kustaafu na moja ya mlinzi asiye na kompyuta, lilidai kilo 350. Hesabu hiyo iliudhi kwa sababu majani ya chai huonekana yakijaa gunia, ilhali barua pepe haina uzito wowote kwenye mizani ya karani.

Wateja wa huduma iliyogeuka kuwa ya kulipia hugawanyika katika makundi manne. Kundi la kwanza ni la wasio na habari. Hawa walifunguliwa akaunti na kijana wa jamaa aliyekuwa akingoja kujiunga na chuo kikuu, ambaye sasa yuko Nairobi na haikumbuki nywila, wala hana tena laini ya simu inayopokea msimbo wa kuthibitisha. Husisitiza kwamba hawakuarifiwa, ingawa waliarifiwa mara kadhaa katika sanduku lisilofunguliwa na mtu.

Kundi la pili ni la wapiga bei, waliolelewa katika masoko kama ya Litein na Kapkatet, ambako bei ya kwanza ni namna ya kuamkiana tu. Mteja wa kundi hili huijibu ile anwani isiyopokea majibu, akamsalimu mkuu wa kampuni kwa heshima, akamweleza jinsi mvua ilivyochelewa, kisha akaomba apunguziwe kidogo kwa kuwa yeye ni mteja wa siku nyingi. Kwamba katika siku hizo nyingi hajatoa hata shilingi ni jambo analolipita kimyakimya.

Kundi la tatu ni kamati. Chama cha ushirika hakitumii fedha bila azimio, na azimio halipatikani bila akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuhalalisha kikao. Hivyo suala la barua pepe huingizwa chini ya kipengele cha mengineyo, ambacho hufikiwa wakati chai imekwisha kumiminwa. Hapo mzee mmoja huuliza kama barua zikilipiwa zitafika haraka zaidi, mweka hazina akapendekeza walipe bonasi ikitoka, na wote wakakubaliana. Bonasi kwa kawaida hutoka karibu na Oktoba, ilhali akaunti zisizolipiwa zilipangwa kusimamishwa Agosti.

Kundi la nne, ambalo ndilo la kuhurumiwa, ni la waliokuwa tayari kulipa. Eneo hili limelipana kwa M-Pesa tangu huduma hiyo izinduliwe mwaka 2007, lakini bili ya dola ilidai kadi ya benki, na kadi pepe ya Safaricom na Visa, inayomwezesha mtu kulipa ng'ambo kutoka M-Pesa, ilizinduliwa Juni 2022, zikiwa zimebaki wiki chache tu.

Kabla ya hapo, Mei 2022, kampuni ililegeza kamba, ikasema kwamba wanaotumia akaunti hizo kwa mambo binafsi, yasiyo ya biashara, wangeweza kuendelea bure. Mashirika yaliyokuwa yamejitangaza kwa miaka mingi kuwa biashara kubwa, yenye mhuri, mkurugenzi na idara ya masoko, yaligundua ghafla kwamba ni ndugu tu wanaojuliana hali, na kwamba bidhaa zao ziliuzwa kwa mapenzi.

Hukumu ya haki ni kwamba kampuni haikuiba kitu, na wateja nao hawakukasirika bure, kwa maana walichoogopa kupoteza ni anwani iliyokwisha kuchapwa kwenye vitabu vya risiti na kujulikana na kila mnunuzi. Kwa hiyo kila shule, chama na duka lisajili kikoa kwa jina lake lenyewe wala si la mpwa wa mwenyekiti, nywila ijulikane na maofisa wawili walio kazini, nakala za barua zitunzwe pembeni, na gharama hiyo iingizwe katika bajeti hata kabla haijadaiwa. Mwenye kikoa chake anaweza kuihama kampuni yoyote na anwani yake isibadilike, na uwezo huo una thamani kuliko miaka yote ya kukaa bure.