Sabuni Isiyotoa Povu

Katika nyumba yenye bafu moja na watu wengi, kitu chochote kigumu kinachokaa juu ya kisahani ni sabuni, na sabuni ni ya wote. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini nyumbani kwetu Mombasa inaheshimiwa kuliko taa za barabarani. Mswaki una mwenyewe. Taulo lina mwenyewe, ingawa hilo hujadiliwa. Chupa ina mwenyewe kwa sababu ina maandishi, na anayeigusa anajua ataulizwa. Kipande hakina mwenyewe. Kipande ni mali ya umma, na umma wa kwetu huamka alfajiri.

Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, na ameishi huko muda wa kutosha kuisahau sheria hii. Huko ana bafu lake, kisahani chake na mlango wenye ufunguo. Ndiyo maana alipokuja likizo alitoa mkobani kidude cha duara, rangi ya siagi, kinanukia ndimu, hakina karatasi wala lebo, akanikabidhi kwa heshima zote. "Hii ni kondishena ya kipande," akasema. "Kwa ajili ya hizo nywele zako za mafuta." Maelezo yakabaki sebuleni. Kidude kikaenda bafuni peke yake.

Nywele zangu zina historia. Bibi yangu mzaa mama asili yake ni Hadhramaut, na katika wajukuu wote mimi ndiye niliyerithi nywele zake laini zilizonyooka. Watu hulipa pesa nyingi saluni ili wazipate, nami ningewauzia kwa bei ya kutupa. Kila ngozi ya kichwa ina tezi za mafuta. Kwenye nywele za kipilipili mafuta hayo hukwama kwenye mikunjo na hayafiki mbali, ndiyo maana wenzangu huongeza ya nazi. Kwenye nywele zilizonyooka huteremka bila kizuizi chochote. Ongeza joto la Machi, unyevu wa bahari na mtandio wa kutwa nzima, basi ikifika adhuhuri mimi ni wa kukaangia samaki. Mama, kwa mapenzi yote aliyo nayo, aliwahi kuniomba nisiegemeze kichwa ukutani kwa sababu ukuta ulikuwa umepakwa rangi juzi.

Bibi ana nadharia yake. "Unaosha mno. Kichwa kikioshwa sana hukasirika, kikatoa mafuta zaidi." Nusu ya mji inakubaliana naye, lakini tezi za mafuta hupokea amri kutoka kwa homoni na hazina habari kama uliosha jana au mwezi uliopita. Zinazolipia gharama ya kuosha ni ncha. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ncha zangu zilizo chini ya mabega ni wazee walionusurika miaka ya jua, hina na maji ya kisima. Shampuu inayosafisha mashina huwavua wazee hawa kila kitu walichobakiwa nacho. Matokeo yake nina mafuriko juu na ukame chini, kichwa kimoja.

Hapo ndipo kipande kinapokuwa na maana. Kondishena ya chupa ukiimimina huenda inakotaka, na yangu siku zote ilitaka kupanda juu, kwenye mashina yasiyohitaji chochote. Kipande hakimiminiki. Unakisugua kuanzia usawa wa masikio kushuka chini, na juu hakifiki mpaka ukipandishe mwenyewe. Kwa mwenye nywele za mafuta hiyo ni neema.

Jioni ile dada yangu alitoa mhadhara. Kondishena ya chupa, alisema, sehemu yake kubwa ni maji. Ya kipande imeondolewa maji, kwa hiyo ni nyepesi na hudumu. Haina chupa ya plastiki. Tena uwanja wa ndege haileti taabu, maana tangu mwaka 2006 Uingereza ilipobana vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi, yeye amenyang'anywa vipodozi vya thamani ya mahari. Shampuu ya kipande ilibuniwa hukohuko mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mo Constantine pamoja na mkemia Stan Krysztal, na kondishena ikafuata njia hiyo. Watu wawili wenye akili nyingi. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi na mjomba wangu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo wao wametoa maji, sisi tuyatie?"

Hapakuwa na jibu. Kisiwa chetu hunywa maji yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, wakati mji haujajaa watu namna hii. Mfereji ukikauka, na hukauka, tunanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Mtu akikuletea bidhaa ya Ulaya na kukwambia fahari yake ni kwamba haina maji, ujue hajapanda ngazi na mtungi.

"Na ikiisha," Bibi akaendelea, "inatuachia nini?"

"Haiachi kitu, Bibi. Ndiyo uzuri wake. Hakuna taka."

Bibi akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyesomeshwa Leicester. Kwetu chupa tupu haiitwi taka. Chupa ya kondishena huoshwa ikatiwa siki, siki ikiisha ikatiwa mafuta ya taa, na hapo ndipo hupewa mtoto akachezee. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni 4, Bibi alikuwa na ya kwake chini ya godoro, imekunjwa kwa saizi. Kitu kinachoisha bila kuacha chombo, machoni pake, ni wizi.

Mtu wa kwanza kukitumia kipande changu cha kulainisha nywele alikuwa mjomba wangu, ambaye hana unywele hata mmoja kichwani.

Ilikuwa Ijumaa, muda mfupi kabla ya swala. Kutoka bafuni tulisikia kwanza ukimya, kisha kusugua, kisha kusugua kwa hasira. "Sabuni gani hii haitoi povu?" Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwa maji yetu ya chumvi hata sabuni halali hutoa povu kwa kulazimishwa. Mjomba naye aliwaza hivyohivyo. Alilaumu maji, akaongeza nguvu. Alijisugua kichwa, kifua, mikono na mgongo mpaka alikofika, kisha akamimina maji baridi ya mtungi ili kujisuuza, na kadiri alivyojisuuza ndivyo alivyozidi kuteleza.

Sabuni hushika uchafu ikaondoka nao. Kondishena imeumbwa kwa tabia nyingine. Chembe zake zina chaji chanya, na nywele, ngozi na nguo zilizoloa huwa na chaji hasi, kwa hiyo hunata na kugoma kutoka. Kazi yake si kuondoa kitu. Kazi yake ni kubaki. Mjomba alipotambua hali haiwi hali alichukua sabuni ya kweli ili aiondoe ile ya uongo, na hapo mambo yakaharibika kabisa. Sabuni ina chaji hasi. Zilipokutana zilikumbatiana papo hapo juu ya kifua chake, zikaganda utando mweupe usiojua kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Alipokaa kutia udhu, maji yaliteremka mikononi mwake kama yaliyomwagwa juu ya jani la myugwa. Alirudia kwa maji ya moto, akachelewa hotuba. Hata hivyo alirudi kutoka msikitini na uso wa mtu asiyejua akasirike au ashukuru. Kila aliyempa mkono alimsifu kwa ulaini wa ngozi, na mzee mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini kama ameoa tena.

Ungedhani habari hizo zingekilinda kipande. Lakini binamu yangu anayesoma chuoni hakuwepo Ijumaa ile, na Jumapili sabuni ya mche ilikuwa imekwisha. Aliona kitu kigumu juu ya kisahani. Sheria mnaijua. Alifua nacho kanzu ya Mjomba na mataulo mawili.

Ilibainika kwamba kondishena ya nywele na dawa ya kulainishia nguo ni ndugu wa ukoo mmoja. Chembe zao hufanya kazi kwa namna ileile. Kanzu ilianikwa, ikakauka, ikawa laini ajabu na ikanukia ndimu mpaka ngazini. Kola yake ilikuwa na mstari uleule wa jasho ilioingia nao bafuni, haujapungua hata kidogo, umelainika tu. Mjomba aliivaa, akazunguka sebuleni mara kadhaa, akatangaza kwamba tangu siku ya harusi yake hajawahi kuvaa kitu kama kile, na kwamba kuanzia sasa nguo zake zote zifuliwe hivyo. Mama akamwonyesha kola. Akasema kola atafunika kwa shali.

Mataulo hayakupata sifa hizo. Taulo lililolainishwa namna ile hukataa kunywa maji. Kwa muda tulikuwa tukitoka bafuni tumejipangusa, tumelowa, na tunanukia ndimu.

Nikakihamisha kipande. Nilikiweka juu ya kizingiti cha dirisha, palipoinuka, mbali na mikono ya watu. Dirisha la bafu letu linatazama magharibi, na juu yake kuna bati. Siagi ya kakao, iliyokuwemo ndani ya kile kipande, huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hadi 38 hivi, na alasiri ya Mombasa juani inafika huko bila kutokwa jasho. Nilirudi kutoka kazini nikakuta kimelegea, kimeshuka ukutani, kimefika sakafuni na kuganda upya kwa ubaridi wa jioni. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha kiberiti, uzi wa taulo, na kumbukumbu ya nywele za kila mwanafamilia isipokuwa Mjomba.

Nilikwangua kilichobaki kwa kisu, nikakifinyanga upya, nikakitia kwenye kopo lenye matundu chini ili maji yatoke, nikalificha kabatini chini ya mitandio. Huko ndiko kilikoanza kazi kiliyoletewa. Naosha mashina kwa shampuu na kusuuza vizuri sana, maana utando wa kifuani mwa Mjomba haujanitoka akilini. Nakamua maji, nasugua kipande mara chache kwenye ncha peke yake, nachana kwa vidole, nasuuza kwa kata mbili za maji baridi, basi. Dada yangu alikuwa na haki. Ncha zimetulia na hazichaniki kama zamani, na mashina hayajaongezewa mzigo. Juu bado nang'aa adhuhuri, lakini hilo ni la homoni na Machi, si la mtengeneza kondishena.

Tatizo lililobaki ni kwamba kipande kilikuwa kinaisha haraka kuliko nywele zangu zinavyokitumia. Nilimshuku binamu, kisha Mjomba. Wote walikuwa safi. Aliyekuwa akifungua kabati langu baada ya isha ni Bibi. Alikuwa amegundua, bila kusoma maelezo ya mtu yeyote, kwamba mafuta mazito na siagi ya kakao ni vitu vinavyojua kulainisha, akawa anakisugua kwenye magaga ya miguu yake kabla ya kulala na kuvaa soksi juu. Alinionyesha visigino. Havikuwa na ufa hata mmoja. Nilishindwa kugomba.

Juzi dada alipiga simu kuuliza safari ijayo atuletee nini. Mjomba akadai vitatu kwa ajili ya kanzu. Bibi akaichukua simu, akaagiza viwili vya miguu, na dada alipomuuliza changu je, akamjibu kwamba mimi nimejaliwa mafuta ya kutosha, nisiongezewe.