Fundi Turubai wa Sebuleni

Foleni ya malori Tunduma, yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, imempa kila mwenye cherehani sebuleni cheo kipya: fundi turubai. Jana alikuwa akipinda sketi za shule. Leo anakunja turubai mara nne chini ya sindano namba 14, ikikatika anamlaumu muuza duka. Uzi nao ni wa pamba, uleule wa vitenge, ambao jua na mvua vitaumaliza mapema. (Dereva atayajua hayo hukohuko mbele ya Lusaka.) Ndugu yangu, turubai linataka sindano namba 18, uzi mnene wa poliesta, mshono mrefu na cherehani nzito ya kushonea ngozi. Hiyo ya sebuleni irudishie sketi zake.