Kwa Heshima ya Kutu

Wapo wanaosifu injini, na sina ugomvi nao. Mimi nimekuja kuisifu kutu. Si ile kutu ya kishamba inayotoboa sakafu mpaka abiria anaiona lami ikipita chini ya miguu yake. Naisema ile kutu ya kijani iliyojikalia kimya chini ya bolti moja ya spana namba 12, kwenye HiAce yangu ya mwaka 1996, ikanisomesha miezi miwili bila kuniombea ada kwa mtu.

Tazama kwanza adabu yake. Injini ikinoki, mtaa mzima unasikia. Tairi likipasuka linakutukana hadharani. Hitilafu ya waya wa stata haina makeke hayo. Unageuza ufunguo, inakujibu “tik”. Unageuza tena, “tik”. Mara ya tatu gari linawaka kama vile halijawahi kukukosea. Ukilifikisha gereji ndiyo usiseme: litawaka mara kumi mfululizo, fundi akutazame kama mtu aliyetumwa kumpotezea muda. Mwali gani ana haya kiasi hicho?

Na ukarimu wake je? Uchafu usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho umelisha kaya tatu. Wa kwanza alikuwa muuza betri. “Bosi, hii imekufa,” akasema, nikanunua mpya. Wiki ya pili, tik. Wa pili alishusha stata, akabadilisha kaboni, akaisafisha bendeksi mpaka ikang'aa. Injini ya HiAce hizi iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kila matibabu huanza kwa kunyanyua kiti, na humo nilipata sarafu mbili, kalamu na kifuniko cha chupa ya chai nilichokuwa nimemsingizia shemeji yangu. Wa tatu aliniuzia swichi ya funguo. Wote walilipwa, wote walikula, na tik ikabaki palepale.

Mimi naishi Kimara, kwenye vilima, na kutu ndiyo iliyonifundisha jiografia yake. Nikajua duka gani lina mteremko mbele na duka gani nisiende hata kama bei yake ni nzuri. Nikafahamiana na vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao kabla ya hapo nilikuwa nawapigia honi tu. Gia namba mbili, klachi chini, wao wanasukuma, mimi naiachia klachi ghafla: gari linashtuka, moshi mweusi unawafunika, wanashangilia. Soda moja kwa kila mmoja. Mnamo 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme aliyoiunda Charles Kettering, na watu wakapumzika kuzungusha lile hendeli la mbele lililokuwa likirudi kwa nguvu na kuvunja mikono. Maendeleo makubwa, sikatai. Lakini tangu siku hiyo mtu anaweza kuwasha gari maisha yake yote bila kumwamkia jirani.

Aliyetutenganisha ni mzee mmoja, fundi umeme, anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Nilimwamkia shikamoo, nikaanza kumsimulia betri, kaboni na swichi. Akanikatiza.

“Ukipiga stata, taa za mbele zinafifia?”

Miezi miwili, na sikuwa nimetazama hata siku moja. Akaniwashisha taa. Nikapiga: tik. Taa zikabaki vilevile, nyeupe pee. Betri ikiwa imechoka, akasema, taa zinafifia, kwa sababu stata inazinyang'anya. Hizi hazijanyang'anywa kitu. Umeme upo, ila haufiki unakotakiwa.

Akatoa mita. Waya mmoja akaugusisha hasi ya betri, wa pili akauchomeka kwenye chuma cha injini. “Piga.” Mita ikasoma volti 7. Hapo panatakiwa pasizidi hata nusu volti. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameuhamishia waya wa hasi kwenye chasisi, na kati ya chasisi na injini ukabaki mkanda mmoja wa shaba, nao umeliwa. Redio hula ampea chache, inapita hapo bila kujua kuna tatizo. Stata inataka zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo, na kwa ampea hizo ukinzani wa omu 0.05 tu unameza volti 5. Mlango mwembamba unampitisha mgeni mmoja mmoja. Harusi nzima, na ngoma zake, inakwama.

“Shika hapa,” akaniambia. Nikaishika kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli. Ilikuwa ya moto! Umeme, ulipokosa njia ya kurudia, ulikuwa ukijipenyeza kwenye waya wa kukanyagia mafuta, mwembamba kama kamba ya viatu. Ningeendelea na ubishi wangu, ningeikuta imeungua. Hapo ndipo heshima yangu kwa kutu ilipopanda: haikulizuia gari tu, iliufundisha umeme njia za panya.

Mkanda mpya, msasa, grisi kidogo. Shilingi elfu tano, na bolti ya zamani akanikabidhi mkononi.

Siku hizi gari linawaka kwa mguso mmoja. Hata hivyo bado naliegesha pua ikitazama bondeni. Jumamosi iliyopita nilipofungua mlango, kijana mmoja wa kijiwe alikuwa ameshaweka mikono yake nyuma ya gari, miguu ameikaza. Nikageuza ufunguo, likanguruma.

“Shikamoo mzee. Kumbe umelitengeneza?” akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Nikamnunulia soda yake.