Mwanya wa Bibi Hondohondo

Desturi ya hondohondo wa msitu wa Amani, kule Usambara, inajulikana. Jike akitaka kutaga huingia kwenye pango la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukaachwa mwanya mwembamba wa kupitishia chakula. Humo atakaa zaidi ya miezi 3. Dume huhangaika kutwa kutafuta makuyu, huyabeba kooni na kuyacheua mwanyani, moja moja. Ndoa ya imani tupu, kwa kweli.

Msimu mmoja chakula kikaanza kuchelewa. Bwana Hondohondo alisingizia mvua, na mabawa yake makavu. Kasuku ndiye aliyetangaza: yuko mwingine, ng'ambo ya mto.

Bibi Hondohondo alipotoka na kinda wake, ndege walijipanga kutazama ngumi. Hazikurushwa. Ila kila jioni alihesabu.

"Leo makuyu tisa, Baba Kinda. La kumi umempa nani?"

Bwana alikwisha kuacha kuvuka mto, hilo tumpe. Lakini alitaka msamaha uingie kama muda wa maongezi kwenye simu, papo hapo. "Nimeshaomba radhi, mke wangu. Unataka nini tena?"

Washauri hawakukosekana. Njiwa, ambaye hajawahi kuolewa, alisema vumilia. Kunguru alisema lipiza, akamtajia na dume wa jirani. Bibi aliwaza usiku kucha, akaona huyo naye angehitaji kuhesabiwa makuyu.

Wakafikishana kwa Mzee Kobe. Hakuuliza nani mkosaji. Hilo hata konokono walilijua. Alimgeukia Bibi.

"Mwanangu, ni lipi hujaambiwa?"

Bibi alikaa kimya muda mrefu.

"Siku kinda alipokuwa akipasua yai, nami nina njaa, nikiita mwanyani. Alikuwa wapi?"

Siku zote hizo alikuwa akiuliza makuyu. Bwana aliinamisha mdomo wake mkubwa, na kwa mara ya kwanza hakusema mvua.

Hukumu ilitoka jioni ile. Bwana ajibu kila swali hadi maswali yaishe, na asidai kusamehewa. Bibi akasirike kwa muda wake mwenyewe, ila hesabu ya makuyu ikome, maana kinda amekwisha kuikariri. Msimu ujao upana wa mwanya ataupima Bibi. Asipotaka kuingia, haingii. Gharama za kesi walipe Kasuku na Kunguru.