Kuku Aliyelazwa Newcastle

Shangazi, shikamoo.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu ya Mabel. Mabel ni kuku. Usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Mama mwenye nyumba niliyopanga amekwenda Hispania kumtazama mwanawe. Kaniachia ufunguo, maelezo ya kurasa mbili, na kuku wake watatu: Mabel, Edith na Joyce. Hawa ni wastaafu. Kwenye mashamba makubwa ya mayai ya huku, kuku akifikisha wiki 72 hivi na utagaji ukianza kulegalega, safari yake huwa ya machinjioni. Lakini kuna taasisi inaitwa British Hen Welfare Trust, ilianza mwaka 2005, kazi yake ni kuwachukua kuku hao na kuwatafutia makwao. Watu wazima na akili zao wanajiandikisha, wanakwenda na maboksi kupokea kuku walionyonyoka, ambao hawajawahi hata kukanyaga nyasi. Baba mdogo anafuatilia mafao yake mwaka wa ngapi sasa? Wenzake huku wamepewa ua, banda la mbao na jina.

Na serikali inawatambua. Tangu Oktoba 1, 2024, hapa England ukifuga kuku, hata awe mmoja, ni lazima umsajili, kwa sababu ya mafua ya ndege. Ila msosi wao ndio ungekushinda. Nilipobakiza wali nikataka kuwamwagia, nikakumbuka ukurasa wa kwanza wa maelezo, umepigiwa mstari: ni kosa la jinai kuwapa kuku mabaki ya jikoni, labda nyumba iwe ya watu wasiogusa nyama, maziwa wala mayai. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Kumbe wana kidonda. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoivamia nchi hii, wakaguzi waliufuatilia hadi kwenye shamba la nguruwe waliokuwa wakilishwa mabaki, kijiji cha Heddon-on-the-Wall, hapo magharibi tu ya Newcastle ninapoishi. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa. Basi wali nikaula mwenyewe, kuku wakala chakula chao cha dukani.

Sasa Mabel. Jirani alikata nyasi zake ndefu, akaona ni vyema awape wastaafu zawadi, akarusha rundo zima juu ya uzio. Edith na Joyce walidonoa kistaarabu. Mabel alikula kwa nia ya kulipiza siku zote alizofungiwa. Jioni nikamkuta kasimama peke yake, kajikunyata, anapinda shingo kulia na kushoto bila kumeza kitu.

Gole unalijua, Shangazi, umeyatoa mangapi ukiandaa kuku wa wageni: kile kifuko cha chini ya shingo, kwa upande wa kulia wa kifua, ambamo chakula kinalainika kikisubiri zamu yake ya kuteremka kwenye firigisi. Lakini sisi tunalijua gole la kuku aliyekwisha kuchinjwa. La kuku anayetembea hatuna habari nalo. Kwetu kuku akijikunyata maswali ni mawili tu: ni kideri au si kideri, na je, maji yamechemka? Kisu kinawahi kabla uchunguzi haujaanza, ndiyo maana nimekulia katikati ya kuku nikaja kujifunza maradhi yao ukubwani, ugenini, kwa karatasi ya mwenye nyumba.

Karatasi inasema hivi: kuku akipanda kulala gole huwa limejaa, usiku kucha linajitoa, alfajiri, kabla hajala chochote, liwe tupu. Kwa hiyo nikaamka gizani, baridi ya kukata masikio, tochi mdomoni, nikaingia bandani kupapasa wanawake watatu vifuani. Edith: ngozi tupu. Joyce: ngozi tupu, na akanidonoa. Mabel: gumu, limejaa mkono, ukilibonyeza alama ya kidole inabaki kama kwenye donge la chapati.

Nikamtenga, nikamwondolea chakula na matandiko yote asije akameza na majani makavu, nikamwachia maji. Nikawa namdondoshea maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya zeituni pembeni ya mdomo, kisha nalikanda gole kwa ncha za vidole, taratibu, napumzika, narudia. Halikulegea. Nikapiga simu kwa daktari wa mifugo.

“Jina la mgonjwa?”

“Mabel.”

“Tarehe ya kuzaliwa?”

Shangazi, mimi mwenyewe cheti changu cha kuzaliwa unajua tulivyokipata.

Nikamtia kwenye kikapu cha plastiki cha kubebea paka, tukapanda basi. Chumba cha kusubiri kimejaa mbwa, na kila mwenye mbwa ananipa pole ya kweli, kama nimeleta mzazi. Mara muuguzi akatokea na faili, akaita jina la Mabel pamoja na jina la ukoo la mwenye nyumba. Nikasimama mimi, mtoto wa Muheza, kuitikia.

Daktari ni binti mdogo, lakini vidole vyake vina macho. Akapapasa, akamfunua mdomo, akanusa. Akanieleza kuwa gole lina matatizo yake makubwa matatu. Likiwa gumu, limeziba: nyasi ndefu, kamba, majani makavu yamejisokota humo. Likiwa tepetepe na mdomo unanuka uchachu, basi limechacha, fangasi wa kandida wamestawi humo, ndugu wa wale wanaowaletea watoto wachanga utando mweupe mdomoni. Hiyo dawa yake ni nistatini. Antibiotiki zinaweza kuzidisha balaa. Na likining’inia siku zote, misuli imechoka. Huyo ni wa kuangaliwa maisha. Tena mara nyingi gole ni mlalamikaji tu, mkosaji yuko ndani zaidi: minyoo, au yai lililokwama. Nikamuuliza kuhusu mtindo wa kumpindua kuku kichwa chini ili atapike. Akakunja uso. Maji yanaingia kwenye mapafu, akasema, na kuku anakufia mikononi.

La Mabel lilikuwa limeziba kabisa. Nikaletewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, nikasaini kwa niaba yake. Mwenye nyumba, kwa simu kutoka Hispania, sauti inatetemeka, akasema fanyeni kila linalowezekana. Mgonjwa akapigwa nusu kaputi, gole likapasuliwa, likafungwa kwa nyuzi. Nilipomfuata jioni daktari akanionyesha kwenye sahani alichokitoa: msokoto wa nyasi, umekazana hadi kuwa kamba, katikati umenasa unyoya mmoja, harufu yake sitaki kuisimulia. Bei pia sitaki kuisimulia. Niseme tu kuwa kwa fedha hizo pale Muheza ungeniletea mbuzi jike mwenye mimba, na chenji ya nauli.

Tumerudi na uji wa chakula chake, kidogo kidogo mara nyingi, na sharti moja: mayai yake yasiliwe mpaka dawa ziishe mwilini. Kwa sheria za hapa kuku ni mnyama wa chakula siku zote, hata akiwa na faili hospitali. Mayai tunatupa. Tena gole likibaki limelegea, daktari kasema, zinauzwa sidiria za kuku za kulibeba, na mikanda yake ya kubandika mgongoni. Nimeziona kwa macho yangu mtandaoni, zina na maua. Mwambie bibi, asipoamini nitatuma picha.

Ila hili la alfajiri nakuomba ulijaribu. Kabla hujawafungulia kuku wako, papasa vifua. Tupu, mwache aende zake. Limejaa, mtenge, mpe maji, mkande taratibu, mtazame hadi kesho yake. Majani marefu uyakatekate kabla ya kuwapa, na kamba za magunia ziokotwe uani. Halitakugharimu senti. Na tone la chanjo ya kideri jichoni usiliache. Ugonjwa huo Waingereza wameuita kwa jina la mji huu nilipo, ulipowazukia mwaka 1926, na hadi leo hakuna daktari wa kuutibu, si hapa wala Muheza.

Wasalimie wote. Desemba Mungu akipenda nakuja likizo. Yule jogoo mliyenitengea, nawaombeni sana, asipewe jina.